Land Rover na Land Cruiser katika Mirathi Moja



Wasomaji watukufu wa jarida letu wamezoea kunikuta katika ukurasa huu nikizungumza juu ya malezi, ndoa na haki za jirani. Wiki hii nitazungumza juu ya magari, tena magari makuukuu. Wako watakaoguna, nami nawaomba wavumilie, kwani jambo lenyewe lilinifikia kwa mlango wa mirathi, na mirathi haijatoka bado katika mambo ya nyumbani. Mali iliyoleta maneno ilikuwa magari mawili. Haikuwezekana kumpa mtu haki yake mpaka kwanza ijulikane kila gari lina thamani gani, na machoni pa nani. Hivyo mimi niliyelelewa chuoni kwa nahau na fiqhi nikajikuta, katika umri huu wa miaka hamsini na ushei, nimelala chali chini ya gari, kanzu imefungwa kiunoni, fundi akinimulikia tochi.

Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchuuzi wa mifugo hapa Isiolo, mmoja wa wale walionunua mbuzi na ng'ombe Merti na Garba Tula na kuwaleta sokoni mjini. Ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walimtangulia. Mifugo iligawanywa pasipo neno, na juu ya nyumba wamekubaliana mama abaki ndani yake. Kikasalia kiwanja cha nyuma, chini ya mgunga, ambako yameegeshwa magari mawili: Land Rover ya toleo la tatu, ambalo wenyewe huliita Series III, chesisi ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1974, na Toyota Land Cruiser pikapu, aina ya HJ45, ya mwaka 1979.

Hesabu ya mirathi hii ilitoka safi kwa namna ambayo ni nadra kuiona. Mjane ana thumni. Zinazobaki ni thumni saba, nazo ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Wana wawili na mabinti watatu ni mafungu saba kamili. Basi mali yote ni mafungu manane yaliyo sawa: moja la mama, mawili kwa kila mwana, moja kwa kila binti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika ubaoni bila ya kufuta. Taabu ni kwamba gari halikatwi kwa msumeno.

Mwana mkubwa alikuja na pendekezo. Yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha Land Cruiser katika miaka ya mwisho ya baba yake, akipakia abiria, unga, sukari na mbuzi baina ya Isiolo na Merti. Akasema, "Sheikh, mimi nichukue Toyota iwe mafungu yangu mawili, nawaachia wenzangu Land Rover. Ile ni gari la kale, wazungu na matajiri wa Nairobi wanaitafuta. Wataiuza kwa pesa nyingi. Hii yangu ni gari la kazi tu, imechakaa, bodi imepigwa nyundo kila mahali." Nduguze walinyamaza. Mimi nikaandika hesabu kwenye karatasi. Ikiwa Land Cruiser ni mafungu mawili na Land Rover ni mafungu sita, basi mgawanyo huo ni wa haki kwa sharti moja: Land Rover iwe na thamani mara tatu ya Land Cruiser.

Wamarekani, nasikia, hubishana maisha yao yote juu ya Mustang ya Ford iliyotoka mwaka 1964 na Camaro ya Chevrolet iliyoifuata miaka miwili baadaye, lipi lina mbio zaidi na lipi ni bora kuwekwa katika gereji ya mtu mwenye nafasi. Huku kwetu kaskazini mbio hazina maana. Ubishi wetu ni huu wa Land Rover na Land Cruiser, na kila mzee wa Isiolo ana upande wake.

Land Rover ilizaliwa katika dhiki. Baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, na kampuni ya Rover ilikuwa haina cha kuuza. Maurice Wilks, mhandisi wake mkuu, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani alitumia gari aina ya Jeep lililobaki vitani. Akataka lipatikane la namna ile la Kiingereza. Bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu ilipatikana na chuma hakikupatikana, na likaonyeshwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Lilikusudiwa kuwa la kuvukia miaka ya shida, likadumu hadi tarehe 29 Januari 2016, siku ilipotoka kiwandani Solihull ile ya mwisho ya uzao ule. Kwa wakati huo zilikuwa zimeshaundwa zaidi ya milioni 2. Zetu za Kenya, kwa muda, ziliunganishwa katika kiwanda cha Leyland pale Thika.

Sisi tuliozaliwa Amu tulilijua gari kwa jina hilo tu, kwa sababu kisiwani kwetu kwa miaka mingi gari lilikuwa moja, la Mkuu wa Wilaya, nalo lilikuwa Land Rover. Watoto tulilikimbilia kulitazama. Nilipohamia Isiolo kusomesha ndipo nilipojua kwamba wako watoto waliokuwa wakilikimbia.

Hapa panahitaji maelezo. Isiolo ilikuwa lango la ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mtu hakuvuka kuingia wala kutoka ila kwa ruhusa ya serikali. Aliyekuwa msimamizi wa wanyama pori wa eneo hilo alikuwa George Adamson, akikaa papa hapa Isiolo na mkewe Joy, na simba wao Elsa, waliyemlea tangu mwaka 1956, hupigwa picha akiwa amejilaza juu ya paa la Land Rover. Joy aliandika kitabu juu ya simba huyo, kikatoka mwaka 1960, na dunia ikaujua mji wetu kwa picha hiyo. Lakini wazee wa Kiborana na wa Kisomali wana picha nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1963 ilitangazwa hali ya hatari kaskazini, vita vya shifta vikaanza, watu wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, mifugo yao ikateketea. Gari la askari lilikuwa Land Rover. Kanuni zile za hatari zilizihusu Isiolo, Marsabit, Tana River na hata Lamu yetu, na hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo msomaji wa Amu asidhani kwamba nazungumza juu ya watu wa mbali.

Marehemu alikuwa kijana katika miaka ile. Land Rover yake aliinunua baadaye sana, katika mnada wa magari ya serikali, ikiwa tayari imechoka. Aliitengeneza, akaitumia misimu michache, kisha alipopata Toyota akaiegesha chini ya mgunga, akawa huiwasha mara moja moja na kuizungusha kiwanjani. Nilimuuliza mjane ni kwa nini aliinunua na kwa nini hakuiuza. Akasema, "Alipenda kushika funguo zake." Hakuongeza neno, nami sikumdadisi. Ila aliposema kwamba ikipatikana njia, hiyo ndiyo iuzwe kwanza, nilielewa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuipenda.

Ama Land Cruiser, asili yake ni ya mwaka 1951, nchini Japani, ambako Toyota walilitengeneza gari la magurudumu manne yanayovuta pamoja wakitaraji kuliuzia jeshi na polisi. Dereva wao alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lilikuwa halijafika, na polisi wakashawishika. Jina la Land Cruiser lilipewa mwaka 1954. Toleo la 40, ambalo pikapu ya marehemu ni ndugu yake mrefu, lilitoka mwaka 1960 na kuendelea hadi mwaka 1984, likarithiwa na toleo la 70 ambalo bado linatoka. Wasomaji wa Mombasa wanajua kwamba Land Cruiser huunganishwa hapo hapo mjini kwao.

Tofauti ya magari haya mawili huonekana pindi ukifungua boneti. Land Rover ya toleo la tatu ilitoka kiwandani na injini ya silinda 4, ya lita 2 na robo, yenye nguvu za farasi zipatazo 70 ikiwa ya petroli, na pungufu ya hapo ikiwa ya dizeli. Ni injini mvumilivu, rahisi kwa fundi, lakini ukiipakia mbuzi na watu na kuielekeza kwenye mchanga wa laga inaomba huruma. Toyota ya HJ45 ilikuja na dizeli ya silinda 6, lita 3.6. Haina haraka, ila huvuta mzigo kama ngamia anayejua njia. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa Isiolo. Mbele ya hapo, Archers Post, Merille, Laisamis hadi Marsabit, njia ilikuwa mawe na mawimbi ya vumbi yanayotikisa gari mpaka nati zinafunguka zenyewe. Wazee wanasimulia kwamba wenye Land Rover za matoleo ya mwanzo walibeba shafti za ekseli chini ya kiti kama mtu anavyobeba maji, kwa sababu zilikatika. Njia hiyo ndiyo iliyoamua ubishi. Wachuuzi, madereva wa abiria, hata serikali yenyewe, wote wakahamia Toyota taratibu.

Na bado Land Rover ina mazuri yake, wala sipendi adhulumiwe hata mshindwa. Aluminiamu haishiki kutu. Mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuifungua yote akaifunga tena. Kitasa cha manjano ukikibonyeza magurudumu ya mbele yanaingia kazini, wenzo mwekundu ukiuvuta unapata gia za nguvu. Mtoto anafundishwa kwa dakika tano. Nikiulizwa mimi lipi zuri kulitazama, nitasema Land Rover bila ya kusita. Uso wake ni wa mtu mkweli.

Lakini mirathi haigawanywi kwa uso. Tukamwita fundi, mtu wa makamo anayefanya kazi karibu na soko, aliyewahi kuyatengeneza yote mawili. Tulianza na Land Rover. Injini ya kiwandani haikuwamo. Marehemu aliitoa petroli yake zamani, akatia dizeli ya Kijapani iliyotoka kwenye lori dogo. Jambo hilo ni la kawaida hapa, na kwa akili ya kazi lilikuwa la busara. Sakafu ya miguuni, ambayo ni ya chuma na si ya aluminiamu, ilikuwa imetoboka. Kisha fundi akanionyesha chesisi. Nusu ya nyuma ilikuwa imekatwa na kuunganishwa upya kwa kuchomelea, na juu ya maungio pamepakwa lami nyeusi nzito. "Hii niliichomelea mwenyewe," akasema, "miaka ishirini iliyopita. Ukipaka lami, haionekani."

Land Cruiser kwa macho ilikuwa mbaya zaidi. Inanuka mbuzi. Milango haifanani rangi. Sanduku la nyuma limepondwa kama sufuria ya arusi. Lakini fundi aliposugua namba ya chesisi, ililingana na ya kitabu cha gari. Injini ni ile ile iliyotoka nayo Japani, imefunguliwa mara mbili na kurudishwa. Giaboksi ni yake. Kioo cha mbele ni chake. Hata jeki ya kiwandani ilikuwa mahali pake nyuma ya kiti, imefungwa kwa mkanda wake wa ngozi. Na kutu, ambayo ndiyo adui wa Toyota zote za miaka ile kwa kuwa bodi yao ni chuma kitupu, ilikuwa kidogo mno. Gari hili halikuwahi kuishi pwani. Jua la Isiolo limelichoma rangi, lakini limelihifadhi mifupa.

Binti mkubwa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama pembeni akisikiliza. Ndipo alipomgeukia kaka yake kwa adabu, akasema, "Kaka, nauliza tu. Kwa nini Land Rover tunaipima kwa mizani ya Nairobi, na Land Cruiser kwa mizani ya Merti?"

Swali hilo lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimeyauliza mimi. Gari kuukuu lina wanunuzi wa aina mbili. Yuko anayelihitaji, na yuko anayelitamani. Anayelihitaji hutazama litabeba nini kesho. Kwake, kila kilichobadilishwa ili gari liende ni faida. Anayelitamani hutazama limebaki vipi na lile lililotoka kiwandani. Kwake, kila kilichobadilishwa ni hasara. Mtu mmoja anaweza kulipa mara tano ya mwingine kwa gari lile lile, na wote wawili wakawa na akili timamu. Lisilofaa ni kuchukua bei ya mnunuzi huyu kwa mali ya ndugu zako na bei ya mnunuzi yule kwa mali yako. Simsemi mwana mkubwa kwamba alikusudia dhuluma. Yeye aliamini, kama mji mzima ulivyoamini, kwamba kitu cha kale ni Land Rover, na Toyota ni chombo tu.

Tukapata mtu wa Nairobi, mkusanyaji wa magari ya kale, mmoja wa wale wanaokwenda kila mwaka kwenye maonyesho ya pale uwanja wa farasi wa Ngong. Alipanda siku nzima hadi Isiolo. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai, akampa mjane pole kabla ya kutaja gari. Kwanza aliizunguka Land Rover, akafungua boneti, akaiona dizeli ya Kijapani, akafunga boneti polepole kama anayefunika maiti. Hata hivyo akataja bei. Mwana mkubwa akaigeuza papo hapo katika hesabu ya nyumbani kwao: ng'ombe 14.

Kisha akaiendea Land Cruiser, akanyamaza. Alipiga magoti, akatazama chini ya milango, akagonga kwa kidole. Akaona ile jeki. Akataja bei, naye hata hakuomba kuiwasha. Ng'ombe 22.

Tulikaa kivulini akatueleza. Land Rover, alisema, ni nyingi duniani na vipuri vyake bado vinaundwa Uingereza. Mwenye pesa anaweza kuijenga mpya kipande kwa kipande, kwa hiyo iliyoguswa sana haina haja nayo. Toyota za toleo la 40 zilizokwenda nchi za baridi zimeozeshwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi yetu sisi watu wa pwani haimwagwi na mtu, huja yenyewe na kaskazi na kusi, na kazi yake ni ile ile. Pikapu ndefu ndizo zilizotumiwa kikatili zaidi, zikabaki chache kuliko zote. Marekani sheria huruhusu kuingiza gari lililopita miaka 25 bila ya kulidai masharti ya usalama ya magari mapya, na wanaolipa vizuri wako huko. Wako pia Dubai na Maskati, vijana waliokuta babu zao wakivuka majangwa kwa Land Cruiser hizi, sasa wanazifufua na kuzipaka rangi ya kiwandani. Nadhani wasomaji wetu wenye jamaa Ghuba wameziona.

Nikamwacha amalize chai, kisha nikamwambia mwana mkubwa, "Mwanangu, mweleze mgeni habari ya chesisi."

Akaniinamia sikioni. "Sheikh, hakuuliza. Na hayo ni ya marehemu, mimi sikuchomelea."

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa hukumu ya muuzaji anayeijua ila ya bidhaa yake na kuificha. Ni katika mambo ya mwanzo tunayoyasoma katika mlango wa biashara. Nilichomwambia kijana kilikuwa kifupi zaidi: kwamba pesa hizo si zake peke yake, thumni ni ya mama yake, na mama haulizwi juu ya lami nyeusi wakati anakula. Akasimama, akampeleka mgeni nyuma ya gari, akachukua bisibisi na kuikwangua lami mwenyewe mpaka maungio yakaonekana. Mgeni alitazama kwa muda. Akashusha bei hadi ng'ombe 10, akalipa siku hiyo hiyo, akaivuta Land Rover kwa lori wiki iliyofuata. Kwa ukweli ule mama alipoteza nusu ng'ombe, na kila binti nusu. Binti mdogo, anayesomea uuguzi na ada yake ilikuwa imechelewa, hakufurahi, na sikumtaka ajifanye amefurahi.

Sasa hesabu ikawa wazi, na ikawa ngumu. Land Rover 10, Land Cruiser 22, jumla 32. Fungu moja ni ng'ombe 4. Haki ya mwana mkubwa ni ng'ombe 8, na gari analolitaka ni la 22. Akilichukua, anadaiwa na nduguze ng'ombe 14, ambao hana. Likiuzwa, kila mmoja anapata chake safi, na yeye anabaki na thamani ya ng'ombe 8 mkononi na hana chombo cha kazi. Wala hatalipata jingine kama hilo kutoka nje, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Gari la namna hii likishavuka bandari ya Mombasa, limevuka.

Walibishana siku tatu. Mwana mdogo, anayeishi Nairobi, alitaka liuzwe, na alikuwa na haki. Binti mkubwa alisema bei ya mkusanyaji ni ya kweli lakini mshahara wa kaka yake pia ni wa kweli, na kwamba yeye hataki kupanda matatu huku kaka yake akiwa kibarua wa mtu. Mama alisema atakubali lolote ila lisilowatenganisha. Mimi nilikaa kimya zaidi ya desturi yangu, kwani mwenye kugawa akiwa na upande, mafungu hayawi sawa.

Wakakubaliana hivi, nami nikaandika mbele ya mashahidi wawili. Pesa za Land Rover zinagawanywa kwa mafungu sita, ya mama, mwana mdogo na mabinti, mwana mkubwa hachukui kitu ndani yake. Fungu lake la huko linahamia kwenye Land Cruiser na kumwongezea sehemu yake humo. Land Cruiser inabaki kuwa ya ushirika wa wote sita. Mwana mkubwa anaiendesha. Katika faida ya kila mwezi, baada ya dizeli na matengenezo, theluthi moja ni ujira wake wa udereva. Theluthi mbili hugawiwa wote kwa kadiri ya sehemu zao, naye akiwemo. Akitaka, anazinunua sehemu za nduguze kidogo kidogo, kwa bei ya ng'ombe 22 na si kwa bei ya Merti. Na hakuna atakayepaka rangi, kutoa injini wala kuchomelea chochote ila wote waridhie, kwa kuwa mgeni alisema bei yake inasimama maadamu gari limebaki lilivyo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Gari la kazi halibaki lilivyo. Kila safari ya Merti inapiga jiwe mahali, na mbuzi hawajui thamani ya sanduku la mwaka 1979. Mwana mkubwa ameshaniuliza kama kutia kichanja cha bomba juu ya sanduku ni kubadilisha. Nilimwambia akifunge kwa nati na asitoboe bodi. Sina hakika kama mkusanyaji angekubali, lakini mbuzi lazima wasimame mahali.

Mwezi wa kwanza umekwisha. Alikuja baada ya alasiri na daftari, wote wakakaa kibarazani, mwana mdogo akisikiliza kwa simu. Safari tisa, dizeli, tairi moja lililozibwa, nozeli moja iliyosafishwa. Binti mdogo alichukua daftari akalipitia mstari kwa mstari kwa kalamu, akasimama mahali.

"Kaka, safari ya Kinna ya Ijumaa, dizeli imeandikwa, nauli haikuandikwa."

"Ile ilikuwa arusi ya rafiki yangu."

Akampa kalamu. Akaufuta mstari mwenyewe.